Wimbo wa Kijapani na Ng'ombe Aliyefiwa

Ndama wa ng'ombe wetu mwekundu alipokufa, ng'ombe mwenyewe aligoma kutoa maziwa. Kwetu Karuba kuna desturi: unachuna ngozi ya ndama, unaipaka chumvi, unaiweka mbele ya ng'ombe ailambe, adhani mtoto wake yupo, nawe unakamua. Huyu wetu aliinusa ngozi, akamtazama Papa kama mtu aliyeletewa kiatu kisicho chake, akageuza kichwa. Papa akasema Jumanne mchinjaji wa Sake atakuja kumchukua.

Nilikuwa nimemchunga tangu yeye mwenyewe akiwa ndama. Lakini kubishana na Papa siwezi. Hata salamu ya mgeni naitafutia jibu mpaka mgeni amekwisha kuvuka kilima.

Kesho yake nilikuwa nafagia zizi, telefoni ikiimba mfukoni. Ulikuwa wimbo wa wasichana wa Kijapani, niliotumiwa na dada yangu anayesoma Goma, wimbo wa kurukaruka kama kuku waliomwagiwa mahindi. Ng'ombe akasimamisha masikio. Nikajaribu kukamua. Maziwa yakatoka!

Nilipomweleza dada, alinijibu kwa ujumbe wa sauti, nasi tukausikiliza jikoni.

"Kaka, unajua ile wimbo ilitoka wapi? Mwenye kuitunga alikuwa analilia mama yake, aliitunga polepole. Kisha fabrika moja ya krem, ile maziwa ya kugandisha, ikaitaka kwa matangazo. Njo bakaikimbiza, iende mbio, bakatia na ngoma."

"Kumbe ni wimbo ya maziwa!" Mama akasema. "Hii ngombe iko na akili kukupita."

Papa hakucheka. "Nitaamini nikiona."

Jumanne mchinjaji alifika na kamba yake, majirani wakamfuata nyuma. Ukungu ulikuwa umefunika kilima tangu Jumapili, sola haikupata jua, telefoni ilikuwa imezimika.

"Basi imba weye," Papa akasema.

Mbele ya watu wote! Niliinama, nikaficha uso ubavuni mwa ng'ombe, nikaanza. Kijapani sikijui, nilitoa tu zile sauti nilizozizoea. Kwa woga kila neno lilichelewa, likajikokota kama watu wanaotoka kuzika. Labda mtunzi naye aliuanza hivyo. Mama mmoja jirani akainamisha kichwa, na nilipopumua akasema, "Amina."

Maziwa yakagonga ndoo.

Mchinjaji akakunja kamba. "Papa, hii siichinji tena. Uniuzie, nikaikamue. Lakini inakuja na kijana."

"Mutoto wangu hauzishwi."

"Ngoja kwanza, Papa," Mama akasema. "Tusikie anatoa bei gani."

Papa alicheka mpaka akaegemea uzio. Kisha akamjazia mchinjaji kikombe cha maziwa, akamwambia anywe yangali moto, arudi Sake na kamba yake.