Mimi Tatu, Wewe Mbili

Ndugu yangu alipoanza kuendesha magari ya mashindano, aliniomba nikae kando yake nimsomee njia. Watu walidhani ananihurumia. Haikuwa hivyo. Wazazi wetu walikufa ajalini, huko njia ya Sagana, na tangu ndugu yangu amalize shule, mimi na yeye tulikuwa tukibeba kabeji kwa pikapu kutoka Naro Moru hadi sokoni Nyeri. Yeye alishika usukani, mimi nilikaa dirishani, na asubuhi za ukungu ni mimi niliyemwambia barabara imekwenda wapi. Alizoea kuendesha kwa kunisikiliza.

Msoma njia hushika kijitabu ambacho yeye na dereva waliandika walipopita polepole kabla ya mashindano. Kila kona ina upande na namba: moja ni kona kali ya karibu kusimamisha gari, sita ni karibu mstari ulionyooka. Ndugu yangu alifundishwa kwa maneno ya timu zote, lefti na raiti, nami nikayachukua hivyo hivyo. Hapo ndipo ulimi wangu uliponiangusha.

Sisi wa huku mlimani tunayajua mambo yetu ya L na R, na tunayacheka wenyewe kwa wenyewe. Mimi niliacha shule darasa la saba ili wadogo zangu wabaki madarasani. Ndugu yangu alifika shule ya bweni, na huko wakamnyoosha ulimi. Wangu ulibaki nyumbani. Nikisema lefti, inatoka refti. Jikoni haina neno. Lakini ndani ya gari linalounguruma, helmeti kichwani, refti na raiti huanza na sauti moja, na dereva hangoji neno liishe.

Raundi ya kwanza ya msimu, kwenye mashamba ya ngano nje ya Nanyuki, nilisoma, "Refti tatu!" Akasikia ile R, akakata kulia. Tulipasua ua, tukasimama katikati ya ngano, ng'ombe wakitutazama. Hakuna aliyeumia. Lakini kamera ya ndani ya gari ilikuwa imenasa kila kitu, na kabla hatujafika nyumbani simu zote za Naro Moru zilikuwa na sauti yangu ikipiga kelele, "Refti! Nimesema refti!"

Vijana wa boda pale stejini walinipokea.

"Madam, nikupeleke wapi? Refti ama raiti?"

"Wewe mpitishe kwa shamba ya watu, ndiyo njia anajua!"

Nilicheka nao, maana ukinuna wanaongeza. Kisha nikaingia nyumbani nikafunga mlango, nikasimama mbele ya kioo, mwanamke mzima, nikajaribu: lala, lima, lori. Rara, rima, rori. Kitinda mimba wetu alikuwa chumba cha pili. Nilimsikia akizima redio. Afadhali angecheka.

Siku chache baadaye mfadhili wa timu alikuja gereji. Mimi nilikuwa chini ya gari nikikaza boliti, hakuniona.

"Jina letu liko kwa mlango wa hii gari," alimwambia ndugu yangu. "Siwezi kuwa na sauti kama ile. Kuna kijana amesoma, yuko tayari."

"Ni dada yangu."

"Najua ni dada yako. Kwani nimesema ni mtu mbaya? Nimesema hajui kuongea."

Nilibaki pale chini mpaka viatu vyake vilipoondoka. Uso uliniwaka kana kwamba nimevuliwa nguo. Kiti kile sikukitaka kwa ajili ya sifa. Gari likienda bila mimi, ningebaki nyumbani nikingoja simu, na simu ya namna hiyo niliwahi kuipokea mara moja, nikiwa na sare ya shule.

Ndugu yangu aliinama akachungulia. "Mathe, toka huko." Huniita mama hivyo akikwama. "Amenipa raundi moja tu na wewe."

"Mchukue huyo kijana."

"Kwani kwa pikapu ulikuwa unaniambia refti?"

Nikatoka chini ya gari. Ni kweli, kwenye pikapu hatukuwa na kushoto wala kulia. Upande wa dirisha langu ulikuwa mimi, upande wa usukani ulikuwa wewe. "Shimo, wewe! Punda, mimi!" Basi raundi iliyofuata kijitabu tulikiandika hivyo. Mimi tatu. Wewe mbili, inabana. Mimi tano, usiachilie mafuta.

Raundi hiyo ilikuwa Mwea, kwenye barabara za udongo zinazopita kando ya mifereji, ambako ukikosa kona unaingia kwenye mpunga. Nilisoma mpaka sauti ikakauka. Hakukosa kona hata moja. Tuliwashinda wote pale, tukashinda tena na tena, na msimu ulipokwisha ndugu yangu akawa bingwa wa nchi.

Mfadhili alitukumbatia wote wawili. "Dada abaki," alisema. "Hicho kiti ni chake. Lakini ile video ya ubingwa tutawekea muziki. Watu wazima kuitana mimi-wewe, mimi-wewe, kama watoto wa nasari, tutachekwa."

Nilimtazama ndugu yangu. Yeye alitazama kombe alilokuwa amelishika.

"Sawa," akasema. "Haina shida."

Tuliitazama video hiyo nyumbani, sote tumebanana kwenye kochi, simu ikiwa mkononi mwa kitinda mimba. Gari linaruka, vumbi linatanda, gitaa linalia, na mdomo wangu unafunguka na kufumbika bila neno.

"Sasa mbona wametoa sauti yako?" kitinda mimba akauliza.

Ndugu yangu alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Hakuinua macho.

"Injini ilikuwa na kelele sana," nikasema. "Hawangesikia kitu."