Mbao Nzima za Veranda ya Mama Wambui

Nakumbuka asubuhi moja Kawangware, mwanangu, miaka ya sabini, nikiwa kijana wa nyundo moja na maneno mengi. Siku hizi nimechoka, magoti yananiuma hata nikiwa nimekaa, kwa hivyo nivumilie nikienda polepole.

Mzee Odhiambo, fundi aliyenifunza useremala, alikuwa amepata kazi kwa Mama Wambui, mwenye ploti. Veranda yake ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya matope, na mbao zake zilikuwa zimezeeka. Tulitakiwa tung'oe za zamani, tupigilie mpya. Desturi yetu mafundi ilikuwa kwamba mbao zinazotolewa ni za fundi, na nyingi kati ya hizi zilikuwa bado ngumu, mti wa mtarakwa mtupu. Mimi nilikuwa na chumba cha udongo kule Gatwekera, mke mjamzito, na kitanda hatuna. Nilipoziona tu, nikaona kitanda.

Mzee alikwaruza kutu ya misumari kwa kidole. "Kijana, hii misumari imeshikana na boriti. Kata ubao kwa msumeno hapa katikati, utoe vipande vipande. Ukivuta ubao mzima utapasua boriti."

"Sawa, mzee," nikasema. Akaenda kununua misumari.

Sikukata. Vipande havitengenezi kitanda. Niliingiza mtaimbo, nikaulalia kwa uzito wangu wote, na ubao ukatoka mzima. Wa nne ulipotoka, boriti iliyokuwa chini yake ikapasuka kwa urefu kama kuni. Nilipiga magoti nikaitazama. Kubadilisha boriti ni kazi ya nusu siku, si zaidi. Lakini niliona haya, na niliogopa kunyimwa zile mbao. Nikaufunika ufa kwa ubao mpya, nikapigilia.

Jioni mzee alipanda kukagua, kama alivyofanya siku zote kabla ya kumwita mwenye nyumba. Alikanyaga pale pale. Boriti ikaachia, ubao mpya ukang'oka, mguu wake ukazama mpaka pajani, na nikausikia mfupa ukivunjika.

Alichungulia kwenye shimo, akauona ufa, akaniangalia.

"Ulijua?"

"Nilijua, mzee."

"Si ungesema tu."

Mama Wambui alipofika mbio, mzee alimwambia boriti ilikuwa mbovu. Hakunitaja. Yule mama akaamini kwamba fundi mzima alishindwa kukagua boriti, akawaambia wenye ploti wenzake, na wakaacha kumwita. Mguu wenyewe uliungana vibaya. Kazi alizokuwa akipewa zikaja kwangu, nami nikazipokea. Kitanda nilikitengeneza, mtoto wangu wa kwanza akalazwa hapo, na kila nilipomwinamia niliona aibu.

Sikwenda kwa Mama Wambui kusema ukweli. Nilisema nitaenda wiki ijayo, wiki ikawa miaka, na sasa yeye na mzee, wote wawili, tumeshawazika.

Mwanangu, utaharibu kazi ya watu, hilo halina ajabu. Ukiharibu, sema kabla hujafunika. Na mtu akikusitiri, usidhani umesamehewa yakaisha. Nenda mwenyewe ukalisafishe jina lake angali hai alisikie. Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na akupe ujasiri niliokosa mimi, uutumie mapema.