Mahari Niliyoisikia Kwenye Simu

Sipendi kusimulia haya, na mkinicheka nitaelewa, kwa sababu hata mimi nimejaribu kujicheka (kicheko changu huwa hakifiki mbali). Nilikuwa na digrii na miaka miwili ya kukaa kwa mama pale Kanduyi, Bungoma, barua za kazi nimeandika hadi mkono umechoka, ndipo Madam Rose, mkuu wa shule moja ya wasichana huko Kitale, akaniambia nije Jumamosi.

"Tunakaa watu wachache, kila mtu anasema juu ya kitabu anachosoma sasa," alisema. "Nataka kukusikia ukiongea."

Alikuwa anatafuta mwalimu wa fasihi, nami nikajua hayo ndiyo mahojiano yenyewe.

Kitabu nilikuwa nacho, riwaya ya kuazima kwa binamu yangu Wafula wa Chwele, ila nilikuwa nimeishia pale binti wa mzee anapochumbiwa, na nusu ya pili haikuwepo (mke wa Wafula aliitumia kuwashia jiko). Mtu mwenye akili angesema amefika katikati. Mimi nikawaza, watasema ni mhitimu gani huyu asiyemaliza kitabu, nikawaza tena, nikaenda kwenye simu ya jamii, ile ya kulipia dukani, kumuuliza Wafula kinaishaje.

"Shida yote ni mahari, bana," akasema, kelele za soko nyuma yake. "Ndugu wanapigania hiyo mahari mpaka mzee anakufa na presha."

Sikuuliza zaidi.

Jumamosi tulikuwa saba kwenye ukumbi wa kanisa. Aliyenitangulia ni msichana aitwaye Chebet, naye alitaka kazi ile ile, akasema yuko ukurasa wa arobaini na bado haoni kwa nini watu wanakisifu kitabu chake. Nikamhurumia. Kisha nikasimama mimi, nikazungumza dakika kumi juu ya mahari, jinsi ndugu walivyogombania ng'ombe wa dada yao, jinsi tamaa ilivyomuua mzee, na kwa sababu hakuna aliyenikatiza nikaongeza kwamba ukurasa wa mwisho ulinitoa machozi.

Mwalimu mmoja mstaafu akavua miwani. "Kijana, hicho kitabu nimekifundisha miaka mingi. Ng'ombe gani hao? Si walipigania mahali? Mahali pa kumzika mama yao?"

Mahali. Mimi, mtoto wa Bungoma, ninayejua tangu utotoni kwamba kwetu l na r hupokezana zamu, nilimsikiliza Wafula kama mgeni.

"Labda ni toleo lingine," nikasema (najua, najua).

"Toleo la ng'ombe," mama mmoja akanong'ona, na ukumbi ukaangua kicheko.

Madam Rose hakucheka. "Kwani ulikuwa umefika wapi?"

"Katikati."

"Si ungesema tu, mwanangu? Sisi wote hapa tuko katikati."

Chebet alianza kazi muhula uliofuata. Tangu siku hiyo nimeapa kutosema neno juu ya ukurasa ambao sijaufungua, hata nionekane mvivu. Lakini kiapo hicho kilichelewa, kwa sababu jioni ile mama aliniuliza naanza lini, maana alikuwa ameshawaambia watu wa kanisa, nami nikamjibu kwamba tunangoja barua tu. Aliingoja hadi Krismasi.