Mama Pacha Kumi na Mmoja

Kwa miaka kumi na tisa alitunza mafaili ya kiwanda cha rangi, na ndiyo maana mpaka leo wanamwita Bi Masjala. Ukitaka barua ya mteja aliyelalamika kuuziwa kopo tupu, hakukuuliza tarehe wala mwaka. Alinyoosha mkono tu, kama mtu anayechukua chumvi jikoni kwake. Kompyuta zilipoingia, wengi wa rika lake walinuna. Yeye alirudi darasani, akasota miaka miwili, akatoka na cheti kinachosema yeye ni msanifu wa data.

Nyumbani cheti kilizua mjadala. Baba mkwe wake, fundi wa kupaka rangi nyumba aliyekuwa akiishi nao, alikigeuza huku na huku.

"Msanifu ni mtu wa kuchora majengo," alisema. "Sasa wewe, mkwe wangu, unachora jengo gani?"

"La taarifa, baba. Kila taarifa iwe na chumba chake, na ijulikane imeingilia mlango gani."

"Na choo?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Jengo lisilo na choo halina msanifu."

Kazini nako hawakumwelewa sana. Mkurugenzi alikuwa amenunua skrini pana kama mlango, akaitundika ofisini kwake. Iliunganishwa na kompyuta za maduka matano ya kampuni, ikawa inamwonyesha miduara na nguzo za rangi rangi: nini kimeuzwa, wapi, kwa nani. Aliipenda kama kitinda mimba. Mgeni alionyeshwa skrini kwanza, chai baadaye.

Bi Masjala alipoiona aliuliza jambo moja. "Hizi habari nani anazipanga kabla hazijafika hapa?"

"Zinajipanga zenyewe," alijibu Mkuu wa Mauzo, bwana mtanashati aliyefunga tai hata Jumamosi. "Ndiyo teknolojia, dada."

Wiki ya tatu skrini ilimtangaza mteja bora wa mwaka: Mama Pacha, ndoo elfu mbili na mia nne. Mkurugenzi alipiga meza kwa furaha.

"Mwanamke mmoja, ndoo zote hizo! Aalikwe, tumpe friji mbele ya wafanyakazi wote."

Bi Masjala aliinua mkono. "Bosi, Jumanne iliyopita huyu mama kanunua rangi maduka mawili kwa dakika ile ile. Labda ana mabawa."

"Ana bidii," alisema Mkuu wa Mauzo, na kikao kikafungwa.

Maduka yote yakaagizwa kumwalika Mama Pacha. Siku ya tuzo ua wa kiwanda ulipambwa kwa maputo, friji ikafungwa utepe mwekundu. Mkuu wa Mauzo akashika kipaza sauti.

"Mama Pacha, jitokeze tukuone!"

Wakasimama watatu. Halafu wengine saba upande wa pili. Halafu mmoja aliyekuwa amechelewa akaingia getini akipunga mkono. Jumla walikuwa kumi na mmoja. Mmoja alikuja na pacha wenyewe, wakaanza kulia kwa pamoja. Mwingine hakuwa na pacha hata kidogo. Alikuwa na duka la viatu liitwalo Pacha.

"Friji ni moja," Mkurugenzi alinong'ona, jasho likimtoka.

"Basi igaweni, mimi nipeni mlango!" alisema mama wa viatu, na ua mzima ukaangua kicheko. Kila mmoja alipewa soda na ndoo ya rangi nyeupe, friji ikarudishwa stoo.

Kesho yake asubuhi Bi Masjala aliitwa.

"Ule mkono wako wa siku ile," alisema Mkurugenzi, "uinue tena."

Bi Masjala alizunguka maduka yote matano. Duka la kwanza waliandika mteja kwa jina la utani. La pili, kwa namba ya simu. La tatu, kwa sura: "mrefu wa kucheka", "mwenye gari bovu". La nne walichanganya majina ya utani na majina ya mitaa. La tano kila mtu aliandikwa "Mteja", na kwa mujibu wa skrini, huyo Mteja alikuwa wa pili kwa ubora. Hata ndoo zenyewe hazikuwa ndoo: kuna duka lililohesabu kila kopo dogo kuwa ndoo nzima.

Akachora mpango wake kwenye karatasi kubwa. Orodha moja ya wateja, kila mtu na namba yake. Orodha moja ya bidhaa, kwa lita. Mauzo yote yashike namba ya mteja, ya bidhaa na ya duka, na kisichokuwa na namba kisikanyage skrini.

"Wateja wangu si wafungwa hata uwape namba," Mkuu wa Mauzo alilalamika. Ilichukua miezi minne, makarani wakilinganisha saini za risiti za zamani, na alilalamika yote minne.

Siku mfumo mpya ulipowashwa, mteja bora alikuwa namba 318. Bi Masjala akafungua jalada lake. Alikuwa baba mkwe wake. Mzee aliongoza mafundi wanane, na alinunua rangi popote kazi ilipompeleka. Huku aliandikwa Mzee Kofia, kule namba ya simu, kwingine "anayekoroga kwa kidole". Mtu mmoja, majina matano.

Alitamani kuzima kompyuta. Kisha akapanda ngazi hadi kwa Mkurugenzi, akasema mwenyewe.

Mkuu wa Mauzo alicheka hadi tai ikampanda begani. "Loo! Msanifu kajenga, mkwe kahamia!"

"Chagua ndoo yoyote," alisema Bi Masjala. "Nitakuonyesha risiti yake."

Mkuu wa Mauzo akachagua moja ya mwezi wa tatu. Risiti ikaletwa, na saini ya mzee. Akachagua nyingine, na nyingine. Ya kumi alilegeza tai. "Huyu mzee anapaka," alisema kwa sauti ya chini.

Mzee alikuja na nguo zake za kazi. Friji aliikataa, akaomba ngazi ya alumini, kwani yake ilikuwa ikimtisha. Alipoombwa aseme machache, alisema machache kweli.

"Kijani chenu hakishiki kwenye kuta zenye unyevu. Mafundi tumeshaanza kukikimbia."

Mkurugenzi alikimbilia skrini. Kweli, maduka mawili ya bondeni kijani kilikuwa kinashuka mwezi hadi mwezi.

"Mbona skrini haikuniambia?"

"Ilikuambia tangu mfumo mpya ulipowashwa wiki iliyopita, bosi," alisema Bi Masjala. "Ila hukuitazama upande huo."

Kijani kikarudishwa maabara, na mzee akaalikwa kukijaribu ukutani. Alibishana na mkemia siku mbili. Siku ya tatu mkemia akaanza kumwita mwalimu, na Bi Masjala, akiwasikia kutoka ofisini kwake, akafunga mlango ili acheke vizuri.