Mlango wa Chumba cha Tende

Nyumba yetu ya Ibra, Omani, ilinuka asali ya tende. Harufu ilitoka chumba cha nyuma, ambamo zamani magunia ya tende yalipangwa hadi darini na asali yake ikachuruzika taratibu kwenye mifereji ya sakafu. Babu yake Bibi aliijenga kwa faida aliyoipata katika biashara yake ya Unguja: kuta nene za mawe na udongo, boriti zilizochorwa maua, mlango mkuu wa nakshi. Tuliporudi kutoka Unguja miaka ya sabini, mimi nikiwa msichana wa miaka kumi, magunia hayakuwepo tena, lakini harufu ilikuwa imekataa kuhama.

Bibi akaigeuza nyumba kuwa duka la vitambaa na nyuzi za kushonea kofia. Ami yangu, mwanawe mkubwa, hakupendezwa. “Mama, nakupa mpaka Ramadhani. Usipouza kitu, naweka magunia yangu ya saruji humu.” Bibi akamjibu, “Anza na kichwa chako, ndicho chenye ufa.” Tulipanga bidhaa kwenye sabla, chumba cha mbele cha wageni wa kiume, maana kwetu Unguja duka hutazama njia. Kila asubuhi wazee wa mtaa walikuja kama walivyozoea, wakaegemea ukuta chini ya vitambaa vyetu, wakanywa kahawa, wakaondoka. Wanawake walipunguza mwendo mlangoni, wakachungulia, wakapita. Nakiri kwamba niliamini kosa ni langu, kwamba mikunjo yangu haikunyooka. Nilikunja na kukunjua mpaka ncha za vidole zikachubuka. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini mimi niliona kuuliza ni kujitangaza.

Jumatano moja, siku ya soko la wanawake, nilijificha chumba cha tende nikunje upya rundo zima. Niliuacha wazi mlango wa uchochoroni nipate mwanga. Jirani yetu Bi Salma, akitoka kuosha masufuria kwenye mfereji wa maji wa mtaa, akaingiza kichwa.

“We mtoto, nyuzi hizo za kuuza?”

“Shikamoo, Bi Salma. Ndiyo.”

“Marahaba. Mbona mmezificha?”

“Hatujazificha! Ziko mbele, kwenye sabla.”

“Kwa wanaume? Nimruke mzee huyu miguu, nimwambie yule asogeze kichwa nione kitambaa?” Alicheka hadi masufuria yakagongana. Kisha akalivuruga rundo langu lote, akipapasa kila kitambaa, akawaita wenzake wawili. Machozi yalinilenga, mikunjo ya asubuhi nzima! Lakini walinunua.

Nilikimbia kwa Bibi. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumehamishia kila kitu nyuma, na wazee wakabaki na sabla yao na kahawa yao. Ramadhani ilipokaribia, Ami alikuja kutazama pa kuweka saruji. Alibisha mlango wa nyuma. “Subiri nje, mwanangu,” Bibi akamwitikia kwa sauti iliyofika mtaa wa pili, “humu wamejaa wanawake!” Akasubiri juani, na mimi nikamchungulia kwenye ufa wa mlango nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa ukamilifu ule.

Leo duka ni langu. Wageni huupiga picha mlango wa nakshi, wakabisha, wakaondoka wakidhani tumefunga. Wanaonunua huzunguka nyuma. Bado nakunja kwa hofu ileile, lakini kila asubuhi, kabla sijafungua, nachukua rundo moja lililonyooka na kulivuruga kwa mikono yangu, kama alivyofanya Bi Salma.