Miguu ya Gari la Chumvi

Juzi nilipita Katesh nikasimama pale wanapoosha magari, maana letu lilikuwa limechafuka hadi aibu. Kijana wa pale akalipiga maji, kisha akachukua kichupa, akapulizia dawa kwenye matairi na kupitisha kitambaa. Mara tairi kuukuu likawa jeusi linang'aa. Akanitazama, akisubiri nishangae. Nikamwambia amefanya vizuri, asante. Lakini kushangazwa na tairi, ndugu yangu, mimi nilishamaliza zamani, nikiwa binti mdogo nyumbani kwa bibi, Endasak.

Mwaka huo shangazi yangu alikuwa anaolewa Masieda, kule juu Mbulu. Ndiye binti pekee wa bibi, na kitinda mimba. Upande wa bwana harusi walikuwa wameahidi gari, lakini siku moja kabla ya harusi ikaja habari kwamba gari lenyewe limekufa injini. Kwetu watu walikwenda kwa miguu au kwa pikipiki. Gari lilikuwa moja tu, pikapu ya jirani, aliyekuwa akisomba chumvi kutoka ukingoni mwa Ziwa Balangida na kuwauzia wafugaji kwa ajili ya mifugo yao. Tuliliita gari la chumvi. Jirani alikuwa mtu mwema, akalitoa bila maneno mengi.

Bodi ilioshwa ikaoshika. Matairi sasa! Yalikuwa meupe pe, kama ukuta uliopakwa chokaa, tope la ziwani limekaukia hadi kwenye nyufa. Shangazi alipoyaona akaingia chumbani kulia. Alisema bora abebwe kwa pikipiki na shela lake kuliko kushushwa kwa wakwe kama gunia la chumvi. Tungecheka, lakini alikuwa analia kweli, na wakwe walikuwa watu wa kusema.

Sasa, bibi yangu alikuwa na neno lake moja kuhusu miguu. Aliamini watu wakikutazama wanaanzia chini. Kabla ya kwenda kanisani alitukagua visigino mmoja mmoja, na ole wako ukutwe na ukoko, utasuguliwa na jiwe mpaka uombe msamaha wa kosa ambalo hukulifanya. Basi siku hiyo akalizunguka gari lile polepole, mikono nyuma, akasema, "Na hili lina miguu. Mwanangu haondoki kwangu na miguu michafu."

Tukaanza kazi. Kina mama waliokuwa wakipika maharage ya wageni waliacha vyungu, wakaja na majivu na magunzi ya mahindi. Tulisugua mpaka vidole vikafa ganzi. Tairi likiwa limelowa lilikuwa jeusi zuri, tukapiga vigelegele. Jua likilikausha, weupe unarudi palepale. Tukarudia, ukarudi. Jirani alikuna kichwa, akamwambia bibi kwamba mpira ule umeshiba chumvi na hautatoka leo wala kesho. Nilimwona bibi akitazama mlango wa chumba cha shangazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona hajui la kufanya.

Jioni ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Mmoja, yule mwekundu mkorofi, akachomoka kundini, akaja moja kwa moja kwenye tairi la mbele na kulilamba. Mchungaji akainua fimbo amfukuze.

"Mwache," bibi akasema. Akatazama kidogo, kisha akasema, "Leteni wote."

Jamani, sijui nikueleze vipi. Wale ng'ombe walilizunguka gari kama wanaume wanaozunguka chungu cha pombe, wakisukumana kwa mabega, na ndimi zao ngumu zikakwangua mpira kwa sauti ya mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Waliingiza ndimi kwenye kila ufa ambao gunzi letu lilishindwa kufika. Jirani akaingia ndani, akalisogeza gari kidogo ili sehemu ya tairi iliyokanyaga chini nayo ije juu, nao wakalifuata. Nilisimama na mkono mdomoni, nikahisi naona kitu kikubwa kinafanyika katika uwanja wetu, na mpaka leo nahisi hivyo.

Ng'ombe walipoingizwa zizini, tuliosha mate kwa sabuni. Bibi akaleta mafuta ya nyonyo, yale aliyolainishia ngozi, akayachanganya na masizi ya chungu na kuyapaka kwa mikono yake. Jirani akamwomba asiguse sehemu inayokanyaga barabara, gari lisije likateleza. Alipaka ubavuni tu, akafuta, akapaka tena. Matairi yakawa meusi, yametulia, yana mng'ao wa ngozi ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Asubuhi shangazi alitoka na gauni jeupe. Akayatazama matairi yote, akizunguka kama mama yake alivyozunguka. Kisha akamtazama bibi, ambaye alikuwa ameficha mikono chini ya kitenge, kwa kuwa masizi yalikuwa yamegoma kutoka.

"Nipandishe wewe, mama."

Bibi akasema atamchafua. Shangazi akanyoosha mkono na kungoja, mpaka mkono ule mweusi ukatoka kwenye kitenge ukaushika. Akapanda. Gari likaondoka kwa vigelegele.

Sasa bibi hayupo, zizi halipo, na uwanja ule umemwagiwa saruji. Gari likiingia au likitoka, huoni limepita. Wakati ule ulikuwa uwanja wa udongo, na kuufagia kila asubuhi ilikuwa kazi yangu. Kesho yake ya harusi nilishika ufagio kama kawaida, bibi akanizuia. Alama za matairi zilikuwa zimebaki pale, zimechoreka vizuri kutoka mlangoni hadi njiani. Akaniambia nifagie pembeni tu. Tulikaa hivyo, tukizikwepa hata tukibeba maji, na kuku akizikanyaga anafukuzwa.

Kisha mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi bibi alitoka, akautazama uwanja, alama zote zimefutika. Halafu akaenda kuuchukua ufagio mwenyewe, akanipa.