Tangazo la Kifo cha Babu

Nilijiona mjanja. Mwanafunzi wa chuo kikuu London, mwenye nywila ya maktaba, nitashindwaje kupata tangazo la kifo cha babu? Na Mama alilihitaji. Alikosana na kwao alipoolewa na baba yangu, hata mazishi ya babake, miaka kadhaa iliyopita, hakuhudhuria. Sasa mjomba alikuwa amemwalika kwenye ibada ya kumkumbuka babu, akiapa kwamba pamoja na ugomvi wote ule, jina lake liliwekwa kwenye tangazo gazetini, sambamba na ya ndugu zake.

"Kama nimo, nitaenda," Mama aliniambia kwa simu kutoka Nakuru. "Kama simo, wasinisumbue."

Nikakaa chumbani kwangu mtaani Barking, nikaandika jina la babu kwenye tovuti ya maktaba. Hakuna. Nikabadilisha herufi. Hakuna. Maktaba ilikuwa na mkusanyo wa magazeti ya kale na mwingine wa magazeti ya sasa, nami sikujua babu ni wa kale au wa sasa. Nilipata bei ya mahindi ya wiki ile, nikapata hadi matokeo ya kandanda, lakini babu alikataa kufa. Sikuelewa kitu, na nikashikwa na hasira.

Kesho yake mkutubi alinisikiliza, akatabasamu. "Humo mna habari tu," akasema. "Matangazo hayaingizwi. Unahitaji kurasa zenyewe, zilizopigwa picha kwenye filamu."

Kumbe nilikuwa nabisha mlango wa jirani! Akanionyesha mashine, nikazungusha filamu mpaka shingo ikakakamaa. Ndipo babu akatokea, na tai yake, amenuna vile vile. Nikasoma majina ya watoto wake nikiyafuata kwa kidole. Nikarudia. Mama hakuwamo.

Chini yake, kwenye orodha ya wajukuu, wa kwanza kabisa nilikuwa mimi: "wa London, Uingereza."

Mimi? Wakati ule nilikuwa na miezi michache tu hapa, nafanya kibarua cha kuwaogesha wazee. Hakuna hata mmoja wa kwao Mama aliyewahi kunipigia simu. Nilitoka nje nikampigia Mama.

"Nimo?"

"Hapana, Mama. Pole." Ningeishia hapo, lakini mdomo haukunyamaza. "Ila mimi nimo. Mjukuu wa London."



"Na huyo mjukuu wao," Mama akauliza, "alizaliwa na nani?"